Wiki ya Siku Nane

Kazi yangu ni kukadiria gharama za kurudisha msitu kwenye mashamba. Watu wakisikia hivyo hudhani nazunguka vilimani nikinusa majani. Mimi nashika kalkuleta. Mche mmoja bei gani, shimo moja linachimbwa kwa kiasi gani, palizi ngapi kwa mwaka, uzio mita ngapi, miche mingapi itakufa na kupandwa upya. Ofisini wananiita Senti, kwa sababu siachi hata senti moja ipite bila kuuliza inakwenda wapi. Wanadhani sijui kama wananiita hivyo.

Utaratibu wetu uko hivi. Mkulima mwenye mteremko uliochoka anajaza fomu na kuandika mwenyewe gharama anazozitarajia kwa miaka mitatu ya kwanza, ile ambayo mche bado unabembelezwa. Sisi tunakwenda kuhakiki. Gharama ikiwa chini ya laki mbili na nusu kwa ekari, shamba linachukuliwa: mradi unalipia upandaji, na mwenye shamba anapewa fidia ya mavuno kila mwaka kwa miaka ishirini. Ikizidi hata kwa elfu moja, fomu inarudishwa na hakuna wa kumlilia.

Siku fomu ya shemeji ilipofika mezani kwangu nililisoma jina mara tatu. Huyu alikuwa mume wa marehemu dada yangu. Tulikuwa hatujasemeshana tangu msiba, miaka sita, na maneno ya mwisho niliyomwambia siku ile niliyasema mbele ya watu wakiwa wamesimama na majembe mkononi. Sikuyajutia wakati ule na sikuyajutia nilipoishika ile fomu.

Kwenye karatasi ya kukabidhiwa kazi kuna swali: je, una undugu na mwenye shamba? Niliandika hapana. Nilijiambia kwamba undugu ulizikwa na dada. Mkuu wa ofisi alisaini bila kuinua macho.

Shemeji alikuwa na ekari kumi na mbili za mteremko na aliandika elfu mia mbili ishirini na nane kwa ekari. Fomu safi, mwandiko wa kujikaza. Kila mstari ulikuwa na bei yake isipokuwa mmoja. Kwenye kumwagilia miche wakati wa kiangazi aliandika: nguvukazi ya familia, sifuri.

Dada yangu alikuwa nguvukazi ya familia. Mwaka alioondoka, shemeji alikuwa amepanda machungwa, na dada ndiye aliyebeba maji. Homa ilimpata katikati ya kiangazi. Akasema ataenda hospitali miche ikishashika, na mumewe akasema sawa. Miche ilishika. Dada alifikishwa hospitali akiwa hajui hata jina lake.

Tulikwenda Jumatano, mimi na mpimaji wetu, kijana mrefu tunayemwita Rula. Shemeji alitupokea mlangoni kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika fremu ya mlango kama vile ningepenya chini ya kwapa lake.

"Kumbe wamekutuma wewe," alisema.

"Wamenituma mimi."

"Hakuna mwingine?"

"Yupo. Ana kazi."

Sebuleni kabati la vyombo la dada lilikuwa pale pale, kioo kimoja kimezibwa kwa karatasi ya gundi. Mke mpya, mwanamke mpole wa umri wa kuwa mwanangu, alileta chai na kuondoka kabla sijamshukuru. Binti wa dada akaja kunisalimia. Alikuwa kidato cha tatu, mwembamba, na viatu vya shule nilivyomtumia muhula ule vikiwa vimefutwa vizuri ingawa kisigino kimoja kilikuwa kimeanza kuachia.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Shule vipi?"

"Nzuri. Nimekuwa wa nne."

Baba yake alikohoa. Mtoto akanyamaza, nami nikafungua fomu.

"Shemeji, hapa kwenye maji umeandika sifuri."

"Familia itamwagilia."

"Familia nani?"

"Familia yangu. Na hilo nalo linahitaji mtaalamu?"

"Nataka kujua ni wangapi. Wewe utabeba ndoo ngapi?"

"Mimi nina mgongo."

"Kila mtu ana mgongo, shemeji."

Rula aliinamia chai yake. Shemeji alinitazama bila kupepesa, kisha akasema polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi, kwamba mkewe yupo na binti yupo, kwamba mtoto akitoka shule ana muda, na kama muda hautoshi kiangazi kimoja au viwili si mwisho wa dunia. Shule haihami.

Kwa hiyo lilikuwa hilo. Ile sifuri ilikuwa ni mtoto wa dada yangu kuacha shule, na mbele yangu alikaa aliyeiandika, miguu amenyoosha. Nilitoa kalkuleta nikaiweka juu ya meza aione.

"Miche elfu nne na mia nane," nilisema. "Kila mche lita mbili kwa wiki. Hizo ni ndoo mia nne na themanini. Kutoka kijitoni mpaka juu, mtu mwenye afya anapanda mara thelathini kwa siku, na jioni anatambaa. Mia nne themanini gawanya kwa thelathini, kumi na sita. Siku kumi na sita za mtu mmoja, kila wiki. Una watu wawili. Kila mmoja siku nane. Shemeji, wiki ya nyumba hii ina siku nane?"

"Dada yako alikuwa anabeba na hakulalamika."

Nilikunja fomu. Nikamwambia Rula tukapime.

Binti ndiye aliyetuongoza. Juu ya mteremko mahindi yalikuwa ya manjano, yamefika magotini na kukata tamaa hapo. Udongo umekuwa kokoto. Ukweli lazima niuseme: lile shamba lilikuwa limemshinda shemeji kabisa, na fidia ya mradi ndiyo ilikuwa pumzi yake ya mwisho. Nililiona hilo, nami nikafurahi.

Tulipofika chini, karibu na kijito, binti alichuchumaa akasogeza majani ya mahindi kwa mkono.

"Haya baba huyakata kila akilima," alisema. "Yanarudi."

Yalikuwa machipukizi, yamebanana, yenye majani ya kung'aa, yametoka kwenye kisiki kilichokatwa usawa wa ardhi. Pembeni kulikuwa na kingine. Rula alipiga magoti akafukua kwa kidole, akahamia mbele, akafukua tena. Alitembea hivyo sehemu yote ya chini, suruali imejaa tope, anahesabu kwa sauti. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake.

"Ekari tano zote zina visiki hai," aliniambia. "Hapa hapapandwi kitu. Zungushia uzio, zuia mbuzi, msitu unajirudia wenyewe. Unapanda hizi saba za juu tu."

"Na maji?" binti akauliza.

"Hii mizizi imeshajua maji yalipo, mdogo wangu."

Binti alinitazama mimi. Mtoto wa nne darasani, hesabu alikuwa ameshaipiga.

Mimi pia niliipiga, nimesimama pale pale. Ukiwalipa wabeba maji ujira halali wa kibarua, elfu moja na mia tano kwa siku, siku mia tano na kumi na mbili kwa viangazi viwili, gharama ya ekari inapanda mpaka elfu mia mbili tisini na mbili. Imezidi. Lakini ukipanda saba tu, na zile tano ukaziwekea uzio na mlinzi kwa elfu tisini kila ekari, wastani wa shamba zima unashuka mpaka laki mbili na elfu nane hivi. Imepita, vibarua wamelipwa, mtoto yuko darasani. Haikuhitaji hata kalkuleta.

Na shemeji angelipwa miaka ishirini. Angekaa kwenye kile kiti, miguu amenyoosha, msitu ukijiotea wenyewe chini na fidia ikiingia kila mwaka, huku dada yangu akiwa ardhini kwa ajili ya machungwa ambayo hata hayakuwahi kuzaa. Nilijaribu kuimeza picha hiyo. Nikashindwa.

Tulipoingia ndani ya gari nilimwambia Rula kwamba visiki vile havina uhakika, kwa hiyo nakadiria ekari zote kumi na mbili za kupandwa.

"Havina uhakika?" alisema. "Nimehesabu vinane kila hatua ishirini."

"Vinaweza kufa."

"Vimekatwa kila msimu miaka yote hiyo havijafa, vije kufa vikizungushiwa uzio?"

"Rula, wewe unapima. Mimi nakadiria."

Tulipofika barabara ya lami akasema kwamba ramani yake itaonyesha visiki na mimi nifanye nitakavyo. Tangu siku hiyo ananiita mama, kwa heshima zote, na hakai meza moja na mimi wakati wa chakula.

Nilijiambia namtetea mtoto. Niliuandika ule mstari wa maji kwa bei kamili, nikaupigia mstari chini, na nilijisikia kama mtu aliyesimama mahakamani akasema ukweli. Kila mtu pale ofisini huacha nguvukazi ya familia ipite kwa sifuri. Mimi niliipa bei. Usiku na mchana nilijisifu kwa hilo.

Kanuni inataka makadirio yasomwe kwa sauti mbele ya mwenye shamba, mstari kwa mstari, asaini kila mmoja, kisha abaki na nakala. Nilirudi wiki iliyofuata peke yangu. Shemeji alisaini mashimo, akasaini uzio, akasaini palizi. Mke na binti walikuwa wamesimama mlango wa jikoni.

"Kubeba maji," nilisoma. "Siku mia tano na kumi na mbili. Elfu moja na mia tano kwa siku."

Kalamu yake ilisimama.

"Elfu moja na mia tano," alisema. "Kwa siku."

"Kwa siku."

"Mtu mmoja."

"Mtu mmoja."

Aligeuza kichwa polepole kuelekea mlango wa jikoni.

"Hata huyu mtoto?"

"Hata huyu mtoto," nilisema, na nililisema kwa sauti kubwa ili mtoto asikie. "Tena yeye hasa. Mkono wake si wa bure, shemeji. Na wa mama yake haukuwa wa bure."

Nilidhani nimempiga pa kuuma. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Nilipomwambia jumla imezidi kikomo na shamba halitachukuliwa, hakupiga kelele kama nilivyotarajia na, niseme kweli, kama nilivyotamani. Alisaini mistari iliyobaki, akaikunja nakala yake mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

"Umeshinda," alisema. "Nenda salama."

Kwa miezi minne sikusikia kitu. Muhula ulipoanza nilinunua viatu, nikampigia mwalimu wa darasa kuuliza nimtumie nani. Mwalimu akasema binti hajaripoti. Baba yake alikuja mwenyewe kumwondoa, akasema ana kazi nyumbani.

Nilikwenda Jumamosi hiyo hiyo na viatu kwenye mfuko. Shemeji alikuwa ameketi nje, ananoa jembe. Hakusimama.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kazini."

"Mtoto wa kidato cha tatu ana kazi gani?"

"Ya maji." Alijaribu makali kwa kidole gumba. "Mradi wako ulinikataa, nami lazima nile. Nimelima nyanya kule chini. Nyanya zinataka maji kila siku. Nikaangalia vibarua, nikakumbuka uliniandikia bei. Elfu moja na mia tano. Siwezi. Lakini ninaye mtu wa elfu moja na mia tano humu ndani, na nilikuwa nampeleka shule kila asubuhi."

"Hukuielewa ile karatasi."

"Niliielewa vizuri sana. Miaka yote hiyo sikuwa najua. Mwanamke akibeba maji nilikuwa naona ni mwanamke anabeba maji. Wewe ndiye uliyekuja ukanisomea kwamba ni mshahara." Aliinua macho. "Shuleni wanamlipa kiasi gani kwa siku?"

Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo hata msibani sikuyasema. Aliendelea kunoa jembe, na nilipoishiwa pumzi akanionyesha njia ya kijitoni kwa kidole, kama mtu anayemwelekeza mgeni.

Ekari zile tano za chini zilikuwa matuta mekundu kuanzia mwisho mpaka mwisho. Visiki vilikuwa vimeng'olewa vyote, vimerundikwa pembeni, mizizi juu. Binti alikuwa anapanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani, kanga imefungwa kiunoni, miguu mitupu. Aliniona, hakuharakisha. Alimwaga ndoo tuta la tatu, akasimama, akajifuta uso.

"Shikamoo," alisema. Mama mdogo hakuliongeza.

"Marahaba. Nimekuletea viatu."

Aliutazama mfuko.

"Niliisoma nakala ya baba," alisema. "Alinipa nimsomee mara ya pili ili awe na uhakika. Ekari kumi na mbili, zote za kupandwa. Nilidhani umekosea, nikaanza kukusahihishia kwa penseli. Halafu nikakumbuka wewe hukosei hesabu."

"Mwanangu."

"Kwa nini?"

Ningeweza kumwambia kuhusu uhakika wa visiki. Nilikuwa na maneno tayari, yaleyale niliyompa Rula.

"Nilitaka baba yako ashindwe," nilisema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anapopata jibu alilolitegemea kutoka kwa mwanafunzi mzito.

"Ameshindwa," alisema. "Haya. Sasa?"

Nilimwambia aondoke na mimi siku hiyo hiyo, nina chumba, shule iko mtaa wa pili, nitamtafutia nafasi. Niliyasema haraka haraka, nimemshika mkono, na mkono wake ulikuwa mgumu kama wa mama yake. Hakuuondoa. Aliuacha tu mikononi mwangu kama kitu alichokisahau.

"Nikiondoka, mama atabeba peke yake," alisema. "Ana mimba ya miezi mitano. Hizo siku nane ukizitoa kwangu, unamwongezea nani? Hesabu hiyo ulishaipiga?"

Sikuwa nimeipiga. Nilikuwa nimehesabu ndoo, hatua, lita, mbuzi na misumari ya uzio. Yule mwanamke mpole aliyeleta chai sikuwa nimemhesabu mahali popote isipokuwa kama nusu ya kumi na sita.

Nilivua viatu vyangu. Nikachukua ndoo iliyokuwa imelala pembeni ya tuta, nikashuka kijitoni, nikaijaza, nikaitwika. Nilikuwa sijabeba maji kwa kichwa miaka ishirini. Shingo ililia, maji yakanimwagikia mgongoni, nikapanda hivyo hivyo kwa hasira, najionea aibu na kujionea huruma kwa pamoja. Nilipofika kwenye matuta, binti alikuwa amesimama njiani mwangu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama juu, kule nyumbani, ambako baba yake alikuwa amesimama ukingoni na jembe begani, anatuangalia.

"Weka chini," alisema kwa sauti ndogo.

"Niache nikusaidie japo leo."

"Weka chini, mama mdogo. Akituona wawili, kesho ataongeza matuta."

Nikaiweka chini.